Kijiji Chini ya Banda la Kuni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Ijulikane, na iandikwe, na mtu asije kusema hakuambiwa: kuanzia leo saa mbili na nusu asubuhi, kuku saba wa mradi wa kilimo wako chini ya mamlaka yangu. Hedi, mwalimu mkuu, alinikabidhi mbele ya gwaride. Wanafunzi wakapiga makofi. Kuku hawakusema kitu. Kwa hiyo sasa mimi Wamae ni mlinzi wa geti, mfagiaji, fundi wa madawati, mpiga kengele, na msimamizi wa kuku. Cheo kipya, koti lile lile.

Madam Marwo amerudi kutoka kwao Nanyuki, alikoenda kwa Idd. Yeye ni mwalimu wa intani, wa mkataba tu, wa Gredi ya Sita, hapa tangu Januari. Baba yake anauza mbuzi na ngamia. Kaniletea tende. Nimekula zangu nne, nikamwekea mke wangu Ngendo nne, kisha nikaonja moja ya Ngendo ili kuhakikisha.

Anataka wilibaro tatu za udongo, uliochekechwa. Nikauliza kama ni kilimo. Akasema hapana, ni somo la jamii. Watoto wamesoma kitabuni habari za vijiji vya Hali ya Hatari — mwaka wa hamsini na nne, watu wote kuswagwa pamoja, handaki kuzunguka, geti moja — na wanapiga miayo. Wanadhani ni habari za Waisraeli. Na shule yetu imekaa juu ya kijiji chenyewe! Anataka wakijenge kwa mikono yao.

Mimi shule niliachia darasa la saba. Mengine nimejisomea: magazeti ya kufungia nyama, na vitabu ambavyo store ya shule imevichoka. Mwalimu akiniuliza maoni huwa navimba kama andazi.

Jumanne, 10 Juni

Udongo umefika. Tumeuweka chini ya banda la kuni, mvua isije ikabomoa. Baridi kali, ukungu mpaka saa nne, mlima hatujauona wiki nzima.

Watoto thelathini na wanne, matope mpaka viwiko. Nyumba za kwanza zilifanana na keki. Moja ilikuwa na sola juu. Madam hakumcheka mwenyewe, alimuuliza tu: mwaka huo sola ilitoka wapi? Mtoto akaing'oa akisikitika, kama mtu anayekatiwa stima.

Vijiti vya handaki, vya kumchoma atakayeruka, nimechonga mimi. Nimechonga mia moja na zaidi. Nilijikuta navichonga vikali kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, 12 Juni

Leo alikuja Cucu Kabura, nyanya wa kijiji kizima. Miaka themanini na moja, sweta mbili, fimbo. Alikuwa msichana mdogo humo kijijini. Madam alimwekea kiti. Akatazama kazi yetu, kisha akauliza nani alijenga.

"Ni sisi, shosho."

"Hii ni ya watu wanapendana," akasema. "Sogeza. Sogeza tena."

Tukasogeza nyumba mpaka zikagusana. Ilikuwa hivi, akasema, ukikohoa, jirani anakwambia pole. Handaki nalo akaliona halina kina. Akasema weka mtu ndani, na mwingine juu ya mabega yake, ndio ujue. Tukachimba tena.

Halafu akacheza homgadi — wale wenyeji waliowalindia wakoloni geti. Akasimama na fimbo, watoto wakapiga foleni na mitungi ya kuchora kwenye karatasi, akawakatalia kupita. Akawangojesha tu. Hakusema kwa nini. Madam alipima kwa simu: dakika kumi na moja, na wawili walishaanza kulia na mmoja kutukana. Cucu akaketi. "Sisi tulingoja mpaka jua lifike hapa," akaonyesha kichwani. Saa moja tu ya kuteka maji na kuchimba viazi, ukichelewa ni kiboko.

Hakuna aliyepiga miayo.

Sasa hapa niandike vizuri, nisije nikakana baadaye. Madam alitaka kuonyesha ni nyumba zipi baba alikuwa hayupo — msituni akipigania uhuru, au kizuizini — na ni zipi baba alikuwa upande wa geti. Alitaka pini za rangi. Pini hatuna. Nikasema mimi, kwa mdomo wangu huu: chukua mahindi na maharagwe ya githeri jikoni kabla hayajapikwa. Haragwe kwa wa msituni na kizuizini. Punje ya hindi kwa homgadi. Kila mtoto aulize nyumbani ya kwao.

Akafurahi sana. Akasema mimi ningefaa kuwa mwalimu.

Mtu aliyezaliwa hapa angejing'ata ulimi. Nami nimezaliwa hapa.

Ijumaa, 13 Juni

Saa tisa na nusu wamepita getini kwangu mmoja mmoja, swali mkobani: nyumba yetu ilisimama wapi, na ni punje gani?

Bado ningeweza kumfuata Madam. Ningemwambia: hapa swali hilo huulizwa mazishini tu, wakati anayejua jibu yuko ndani ya sanduku, na huko hujibiwa vibaya. Tumeoana, tumeuziana ng'ombe, tunapeleka kahawa kiwanda kimoja. Mahindi na maharagwe yamepikwa sufuria moja miaka sabini. Hakuna mtu huyatenga.

Lakini nilitaka kuona. Ndio ukweli. Nikafungua geti.

Jumatatu, 16 Juni

Watoto thelathini na wanne. Maharagwe thelathini na tatu.

Kwa mashujaa wengi hivyo, najiuliza geti lililindwa na nani. Labda lilikuwa linajifunga lenyewe.

Punje moja ya hindi ilikuwa ya Wakiuru, mjukuu wa Mzee Wahome, mwenyekiti wa bodi ya shule. Alimuuliza nyanya yake wakiambua njegere. "Cucu alisema ni mahindi," akamwambia Madam. "Ati niweke tu, ni kitu ya zamani." Akachuchumaa, akaiweka juu ya paa katikati kabisa, kwa uangalifu, kama anaweka yai. Nafikiri alijivunia kuwa tofauti.

Mtu nyuma akasema polepole: ngati. Ndilo jina la homgadi kwa Gikuyu, na si jina la kuitana. Madam hakulijua. Akauliza wanacheka nini. Kufika chakula cha mchana mtoto alikuwa anaitwa Mahindi.

Halafu wakanigeukia. "Na wewe, mzee? Kwenu ilikuwa wapi?" Kwetu ilikuwa ya tatu kutoka getini. Nikachukua haragwe. Jekundu, zuri. Nikaliweka.

Cucu Kabura alikuwa kwenye kiti chake. Aliniangalia mimi, akaangalia haragwe.

"Hiyo itaota, Wamae?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baba yangu alisema maisha yake yote kwamba alifungwa Manyani, kambi ya kizuizini. Alieleza mpaka joto la huko. Alipofariki mwaka wa tisini na moja nilifungua sanduku lake la bati, chini kabisa nikakuta kitambaa cha homgadi cha kufunga mkononi, kimekunjwa kama leso ya Jumapili. Nilikikunja hivyo hivyo. Kaburini nilisema Manyani.

Jumanne, 17 Juni

Wakiuru hakuja shule. Aliyekuja ni babu yake.

Dirisha la ofisi ya Hedi halina kioo tangu Machi. Nilikuwa nafagia chini yake. Sijawahi kupafagia mahali vizuri namna hiyo.

Mzee Wahome hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema baba yake alikuwa msituni. Amesema hivyo kanisani, amesema kwa mazishi, na imeandikwa kwa kaburi kwa simiti. "Na leo msichana kutoka Nanyuki anakuja kutuhesabu kama mbegu?"

Hedi akasema ni mtoto ndiye aliweka, mzee, si mwalimu.

"Na nani alimwambia aweke? Kwao wanauza mbuzi. Arudi akauze mbuzi."

Mzee ameita afisa wa elimu. Atakuja Jumatatu asubuhi kuona mwenyewe, na kama ataona Madam amechochea watu, mkataba wake unaisha hapo hapo. Intani hana wa kumtetea. Barua moja tu.

Hakuna aliyesema mbegu zilikuwa wazo la nani. Kwa hivyo hata mimi sikusema. Ufagio uliendelea.

Jumatano, 18 Juni

Madam alinikuta kwa kuku.

"Mzee Wamae, ulijua?"

Nikauliza nijue nini.

"Kwamba hiyo kitu haiulizwi."

Nikasema, eeh, kwa njia fulani. Aliitikia kwa kichwa. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Akasema kwao pia kuna mambo hayaulizwi, ya koo na koo, na mgeni akitaka kuuliza hupatikana mzee mmoja wa kumshika mkono. Akasema alidhani mzee huyo ni mimi.

Akaenda darasani. Nikahesabu kuku. Ni saba. Nikahesabu tena.

Ngendo nimemweleza mchana nikila. Anajua habari ya kile kitambaa. Sanduku hilo anawekea blanketi. Akaendelea kumenya viazi. "Kwa hivyo," akasema, "huyo msichana wa watu ndiye atabeba baba yako kwa mgongo?"

Sikumaliza chakula.

Alhamisi, 19 Juni

Wakiuru amerudi. Wakati wa chakula aliketi peke yake, ngazi ya maktaba. Nilipita na ndoo. Alikuwa anakula githeri. Anachagua maharagwe, moja moja, na kijiko. Mahindi yote ameyasukuma pembeni mwa sahani.

Nimeona mambo mengi shuleni hapa kwa miaka kumi na tisa. Hilo sikuweza kupita.

Lakini nilipita.

Ijumaa, 20 Juni

Hedi aliita wazazi saa nane, ati watulie kabla afisa hajaja. Walikuja kama arobaini, wakasimama kuzunguka banda, buti za shamba, miavuli. Watoto mbele. Cucu Kabura kwenye kiti chake. Mzee Wahome na kofia. Madam amevaa buibui nyeusi, mikono mbele, kama mtu anayengoja kupigwa picha asiyoitaka.

Mzee Wahome akasema maneno mafupi. Kitu hiki kiondolewe. Mambo haya yalikwisha, walioyafanya wamelala, na hakuna aliyetumwa kuyaamsha na matope. Wengi wakaitikia. Baba mmoja akasema kweli, na tena mtihani ni Oktoba. Mama mmoja akauliza kwa nini nyumba ni moja tu inawekwa aibu, kama si mpango wa mtu.

Wakamtazama Madam. Alifungua mdomo aeleze. Nikaona anatafuta jinsi ya kueleza bila kunitaja.

Sijui miguu yangu ilikubaliana lini. Niliruka handaki, nikavunja vijiti vyangu mwenyewe, nikakanyaga nyumba ya mtu asiye na hatia. Nikatoa haragwe kwenye paa la kwetu. Mfukoni nilikuwa na mahindi ya kuku. Nikaweka punje.

Nikasema: "Hizi mbegu ni mimi nilisema zitumike. Si mwalimu. Na hii ni ya baba yangu. Hakuwa Manyani. Alikuwa hapa kwa geti."

Nilikuwa na kile kitambaa mfuko wa pili. Nilikitoa nusu, nikakirudisha.

Cucu Kabura ndiye alijibu. "Tulijua."

"Nani alijua?"

"Wote, Wamae. Tulikuwa tunakuachia."

Miaka sitini na moja nimetembea kijiji hiki kama mtoto wa Manyani, na watu walikuwa wananiachia, kama mtu anavyomwachia mlevi barabara.

Akaendelea, kwa sauti ya kueleza njia: "Baba yako alimpiga mama yangu siku moja, hapo kwa geti. Siku ingine akaona viazi nimeficha kwa nguo, akaangalia mlima. Yote mbili ni yeye. Sijui uweke mbegu gani."

Madam akasema polepole, ni kweli, hakufikiria hiyo. Akaandika.

Kisha yule mama aliyeuliza kuhusu mpango akavua viatu, akaingia, akatoa haragwe la mtoto wake na kuomba punje. Nikampa. Halafu fundi wa baiskeli. Halafu ndugu wawili ambao hawajasalimiana tangu kesi ya shamba, kila mmoja akijifanya hakumwona mwenzake. Ilikuwa kama foleni ya sakramenti. Mwisho nilihesabu mahindi tisa, pamoja na langu na la Wakiuru.

Mtoto huyo alikuwa anamtazama babu yake. Babu alikuwa anatazama mlima. Mlima haukuwapo, ulikuwa mawingu matupu.

"Iachwe vile iko," akasema hatimaye. "Afisa aone. Akipata zote tisa, mimi sina neno. Akipata ni kwangu peke yake, mtajua mimi ni nani."

Kwa hiyo kazi ya Madam imeshikwa na punje tisa za mahindi. Hedi amenikabidhi ufunguo wa uwanja. Nisiruhusu mkono wa mtu kugusa mpaka Jumatatu.

Madam alipopita getini alisimama. Hakusema asante, na nilishukuru. Alisema tu: "Kumbe unaweza kuruka."

Jumapili, 22 Juni

Kanisa. Mhubiri alisema juu ya kweli itakayotuweka huru. Hakusema huchukua muda gani.

Watu walinisalimia kama kawaida. Hiyo ndiyo iliyonichosha.

Saa nane nikapita shuleni kuwapa kuku maji na chakula. Geti limefungwa, hakuna alama ya mguu wa mtu. Nikaenda bandani, nikasimama juu ya kijiji, nikitazama punje yangu. Ya tatu kutoka getini. Nilikuwa nimeizoea kidogo. Nilikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikaenda nyumbani moja kwa moja.

Jumatatu, 23 Juni

Naandika hapa kibandani pa geti, daftari juu ya goti, saa mbili kasorobo. Afisa amepiga simu: yuko Gakindu sokoni, anakuja.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Mlango wa kuku wazi. Si kuvunjwa, komeo limening'inia tu. Sikumbuki kulifunga jana. Sikumbuki kutolifunga. Nakumbuka niliyasimamia mahindi.

Walikuwa kijijini, wote saba. Mmoja ameketi ndani ya handaki. Mmoja anaingia kwa geti, anatoka, anaingia, hakuna wa kumkataza. Niliwafukuza, nikapiga magoti na tochi ya simu. Nyumba zimesimama. Maharagwe yapo, yote, kila moja juu ya paa lake. Mahindi hakuna. Tisa yote.

Atakayetazama sasa ataona kijiji cha mashujaa, na nyumba tisa ambazo hazina mtu.

Madam amekuja mapema. Alitazama. Akaniuliza kama nilifunga. Nikasema ndiyo. Kisha nikasema sijui. Akauliza kama turudishe. Nikasema nina mahindi hapa mfukoni, tele, na nyumba zenyewe tunazijua. Akafikiri. "Kila mtu aliweka yake, mzee. Tukiweka sisi, hapo ndio itakuwa kweli nimewahesabu." Ameenda kutafuta wale wenye nyumba kwa simu. Wawili hawashiki. Yule mama aliyevua viatu Ijumaa amesema yuko kwa kahawa, na kwamba, kwani si imeshaonekana?

Yangu pia sijairudisha. Nimeishika hapa na kalamu.

Mzee Wahome naye amefika kabla ya afisa, amemshika Wakiuru mkono. Nilimpeleka mwenyewe bandani. Afadhali aone na mimi. Aliinama, akatazama paa la kwao, tupu. Akatazama langu. Mara ya kwanza mwaka huu nimemwona akitabasamu.

"Wamae," akasema, "hao kuku wako na akili."

Akaenda kumngojea afisa kwa Hedi. Wakiuru hakwenda naye. Amesimama hapa mlangoni mwa kibanda, anachungulia daftari, nimelifunika kwa kiwiko. Gari linapiga honi nje. Ameuliza mbona walikula mahindi peke yake. Nimetafuta jibu la kumfaa mtoto, nikakosa, nikamwambia lile ninalolijua kwa hakika.

Kuku hawali maharagwe makavu.